Mwalimu Mmoja, Miji Minne

(Haya ni maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Usikiapo sauti redioni, fuata maneno kwa kidole. Neno likikupita, usisimame. Endelea, kisha ulirudie pamoja na mwalimu wako somo likiisha.)

Natumaini kwamba ninyi mlioko Msanzi na Matai, na ninyi mlioko Sumbawanga mjini, mmekwisha kukaa, na redio iko mahali ambapo hata aliye nyuma kabisa anasikia.

Leo tutazungumza juu ya darasa la namna ya pekee. Mwalimu yuko Dar es Salaam. Wanafunzi wengine wako mbele yake. Wengine wako Arusha, wengine Mwanza, na wengine Mbeya. Wote wanamwona na kumsikia, naye anawaona na kuwasikia. Mwanafunzi wa Mwanza akiuliza swali, mwenzake wa Mbeya analisikia saa ile ile. Jambo hili huitwa mkutano wa video.

Huenda mmoja wenu akasema, "Hayo ni mambo ya wasomi wa chuo kikuu. Sisi tunajifunza kusoma na kuandika. Yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Na tuanze hapo.

KWA NINI YATUHUSU

Tuseme iko shule ya sekondari katika Wilaya ya Kalambo, na shule hiyo ina mwalimu mmoja tu wa hesabu. Mwalimu huyo ana shahada ya kwanza. Sasa anataka kuongeza elimu, apate shahada ya pili, ambayo huitwa shahada ya uzamili.

Zamani njia ilikuwa moja: kufunga mizigo. Toka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Apite Tunduma, apite Mbeya, Iringa na Morogoro. Akifika, atafute chumba, alipe kodi, anunue chakula. Akae huko mwaka mmoja na nusu, au miwili. Mke na watoto wake wamngoje nyumbani.

Na wanafunzi wake wa hesabu je? Nao wangoje. Lakini mtihani haungoji. Mtoto aliyekuwa kidato cha tatu mwalimu alipoondoka, atakuwa amekwisha kumaliza shule mwalimu atakaporudi. Tena si kila aendaye hurudi.

Mwaona sasa. Masomo ya juu ya mtu mmoja huweza kuondoa mwalimu shuleni, muuguzi zahanatini, na bwana shamba kijijini. Maana wanafunzi wa uzamili mara nyingi si vijana wasio na mzigo. Wengi wao ni watu wazima kama ninyi. Wana kazi, wana watoto, na wengine wana shamba la mahindi na maharage linalongoja palizi.

Kuna na sababu ya pili. Siku hizi chuo kikuu kimoja hukaa mahali pengi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi katika mkoa wetu wa Rukwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho makao yake ni Morogoro, kina kampasi kwa jirani zetu wa Katavi. Kampasi maana yake ni tawi la chuo, lenye madarasa yake na wanafunzi wake. Majengo ya kampasi huweza kujengwa kwa miaka michache. Profesa hujengwa kwa miaka ishirini au zaidi, na akiisha kupatikana hawezi kukatwa vipande viwili, kimoja kibaki Mbeya na kimoja kije Rukwa. Hapana budi itafutwe njia ya kumfikisha bila kumsafirisha.

NJIA ZA KWANZA

Watu wameitafuta njia hiyo siku nyingi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza mwaka 1994. Chuo hicho kiliwapelekea watu masomo huko huko waliko, kikaweka vituo mikoani, na Rukwa kina kituo chake. Mtu alisoma vitabu nyumbani, akafanya mitihani karibu na kwake. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini swali lililoandikwa kwa barua lilikwenda kwa majuma, na jibu likarudi kwa majuma. Mtu aliyekwama ukurasa wa tatu alingoja muda mrefu kabla ya kufika ukurasa wa nne.

Njia nyingine ni hii tunayoitumia sasa, redio. Wazee mlioko hapo mwaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu kama milioni mbili katika Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio. Walijifunza juu ya malaria, kuhara, maji safi na vyoo. Lakini angalieni jambo moja. Wale watu hawakusikiliza redio tu kisha wakaenda zao. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi yake, na kijitabu cha kusoma. Redio ikinyamaza, kiongozi alisema, "Haya, mmesikia nini? Hapa kwetu tutafanya nini?" Ndipo watu wakazungumza, wakaenda kuchimba vyoo.

Kwa hiyo redio ilileta sauti, na kiongozi wa kikundi alifanya sauti ile iwe somo. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka 1997 ukaanza mpango ulioitwa Chuo Kikuu cha Afrika kwa Njia ya Mtandao. Ulianzishwa na Benki ya Dunia huko Washington, kisha mwaka 2002 makao yake yakahamia Nairobi. Mwanzoni masomo yalitoka Marekani na Ulaya kwa njia ya setilaiti. Wanafunzi walikaa chumbani, mathalani katika Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya, wakamtazama mwalimu katika televisheni. Picha ilikuja vizuri. Lakini picha yao haikwenda kwa mwalimu. Mwanafunzi aliyetaka kuuliza alitumia simu, au aliandika. Mwalimu hakuweza kuona uso wa mtu ambaye hakuelewa.

Hapo ndipo palipo tofauti kubwa. Redio na televisheni ni kama mto: maji yaja kwetu, hayarudi. Mkutano wa video ni kama barabara ya Sumbawanga na Matai: magari huenda, na magari hurudi. Ubora wa darasa la mbali hutegemea sana ile njia ya kurudi.

PICHA HUSAFIRI NAMNA GANI

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mbele ya mwalimu pana kamera na maikrofoni. Kamera hutazama kama jicho, na maikrofoni husikia kama sikio. Kompyuta huzigeuza picha na sauti ziwe tarakimu, yaani namba nyingi sana. Kisha huzifunga namba hizo katika mafurushi madogo madogo na kuyatuma. Kila furushi huandikwa linakokwenda, kama barua iliyoandikwa anwani. Mafurushi yakifika Mbeya, kompyuta ya huko huyafungua, huyapanga kwa utaratibu, na kuyarudisha kuwa picha na sauti.

Kuna ujanja mmoja yafaa mwujue. Kompyuta haitumi picha nzima kila mara. Ukuta ulio nyuma ya mwalimu hautembei, basi haina haja ya kuutuma tena na tena. Hutuma hasa kile kinachobadilika: midomo, macho, mkono ulio na chaki. Kwa hiyo mwalimu akikaa mbele ya ukuta mtupu, kazi huwa nyepesi. Akikaa mbele ya dirisha ambalo pazia lake lapepea, kazi huwa nzito, na mtandao ukiwa dhaifu picha hukatika.

Mafurushi hayo hupita wapi? Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni setilaiti, chombo kinachokaa angani juu ya ikweta, mbali kama kilomita 36,000. Maneno hupanda mpaka huko, kisha hushuka. Safari hiyo huchukua kama robo ya sekunde. Swali likienda na jibu likarudi, imekwisha nusu ya sekunde. Mwaweza kusema hiyo si kitu. Lakini jaribuni kuzungumza na mtu aliye ng'ambo ya bonde katika milima ya Mbizi. Ukiita, sauti yachelewa. Usipongoja, ninyi wawili mwaita pamoja, na hakuna amsikiaye mwenziwe. Ndivyo ilivyo kwa setilaiti.

Njia ya pili ni nyuzi za kioo. Ni nyembamba kama unywele, na ndani yake hupita mwanga. Mwanga katika kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde moja. Toka Dar es Salaam mpaka Sumbawanga ni chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Ni kama watu wawili waliokaa meza moja.

Mwezi wa Julai mwaka 2009 waya mkubwa wa nyuzi za kioo uitwao SEACOM, uliopita chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na nchi za mbali ilipanda setilaiti, na bei yake ilikuwa kali. Wakati huo huo Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyuzi za kioo zinazotoka mji hata mji ndani ya nchi. Ndipo njia ya kurudi ilipopata nguvu.

DARASA LA MIJI MINNE

Ndipo twarudi kwa darasa tuliloanza nalo. Katika miaka ya baada ya 2010 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifundisha kwa mkutano wa video masomo kama stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo ni ya walimu, na masomo ya usimamizi wa kazi za uhandisi. Wanafunzi walikuwa katika vituo vya Arusha, Mwanza na Mbeya, mbali na chuo. Mtu wa Mbeya aliweza kuingia chumba cha kituo, akamwona mwalimu wa Dar es Salaam katika kioo kikubwa, na kesho yake akaenda kazini kwake kama kawaida.

Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Vyuo vya Tanzania vilifungwa mwezi wa Machi, vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni. Duniani kote walimu walijikuta hawana wanafunzi mbele yao. Watu wengi wakajifunza kwa haraka kutumia programu kama Zoom, ambayo hufanya kazi hata katika simu ya mkononi. Toka hapo mkutano wa video haukungoja tena chumba maalum. Mtu aweza kuingia darasani akiwa sebuleni kwake, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kikombe.

Je, taabu zimekwisha? La. Nitawaambia tatu.

Taabu ya kwanza ni umeme. Sisi wa Ufipa twaijua vizuri. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulitoka nchi ya Zambia. Umeme ukikatika, darasa la kawaida huendelea, maana mwalimu hufungua dirisha. Darasa la video hufa palepale. Kwa hiyo chumba cha darasa la video hakina budi kuwa na betri au jenereta.

Taabu ya pili ni gharama. Darasa la saa moja kwa picha huweza kula nusu gigabaiti, na pengine zaidi ya gigabaiti moja, ya bando la simu. Darasa la majuma kumi na tano, mara tatu kwa juma, ni mzigo juu ya mshahara. Lakini hapa iko dawa. Sauti peke yake hula sehemu ndogo sana ya hiyo. Mtandao ukiwa dhaifu, au fedha ikiwa chache, funga picha, bakiza sauti. Mwanafunzi asiyemwona mwalimu bado aweza kujifunza. Asiyemsikia hawezi.

Taabu ya tatu ndiyo kubwa, nayo si ya mashine. Ni ukimya. Mwalimu aliye Dar es Salaam huwasahau upesi walio mbali. Huwajibu walio mbele yake, kwa kuwa anawaona wakiinua mikono. Wa mbali wamejipanga kama picha ndogo ndogo katika kona ya kioo. Mmoja hakuelewa, lakini aona haya kuukatiza mkutano wa miji minne kwa swali lake. Ananyamaza. Juma la pili hakuelewa zaidi. Juma la sita hayupo tena, na hakuna aliyeona alipoondoka. Ada amelipa, elimu hakupata.

MTU WA CHUMBANI

Sasa turudi kwa yule kiongozi wa kikundi cha "Mtu ni Afya". Mnamkumbuka? Darasa la video linamhitaji mtu kama yeye katika kila kituo. Si lazima awe profesa. Yatosha awe mtu anayelijua somo kiasi, anayeijua mitambo, na hasa anayewajua wanafunzi kwa majina. Kazi zake ni hizi.

Kwanza, hufika mapema, akajaribu sauti kabla mwalimu hajaanza. Pili, hufunga maikrofoni za wasiosema. Sababu yake ni hii: sauti ya mwalimu hutoka katika spika, ikaingia tena katika maikrofoni iliyo wazi, ikarudi kwa mwalimu kama mwangwi. Maikrofoni kumi zikiwa wazi, hakuna asikiaye neno. Tatu, hutazama nyuso. Akimwona mtu amekunja uso, humwambia, "Uliza." Nne, mtandao ukikatika hawaachi watu watawanyike. Huwaambia, "Fungueni kitabu, tuendelee hapa tulipo, mpaka mwalimu arudi."

Naye mwalimu wa mbali ana sheria yake. Kila baada ya dakika chache asimame, aite kituo kwa jina: "Mbeya, mwasemaje? Mwanza, nani aweza kunieleza jambo hili kwa maneno yake?" Asiulize, "Mmeelewa?" Maana kwa swali hilo watu wote husema ndiyo.

Tena tuseme kweli: si kila somo huweza kupita katika waya. Juu ya historia, sheria au hesabu, darasa la video latosha. Lakini mganga hajifunzi kushona kidonda kwa kutazama kioo tu, wala bwana shamba hajui udongo mpaka aushike. Kwa masomo ya mikono, mwanafunzi hana budi kusafiri siku kadhaa, akaifanya kazi mbele ya mwalimu.

SISI TUFANYE NINI

Huenda katika kijiji chako yupo mwalimu au muuguzi asomaye kwa njia hii. Jioni wamwona amejifungia chumbani, anasema na simu. Watu husema, "Amekuwa mtu wa maringo, hasalimii." Sasa mwajua. Yuko darasani. Ukimgongea mlango mara tatu katika saa ile, umemtoa darasani mara tatu. Mtu huyu ameamua kusoma bila kutuacha. Akishindwa hapa kwetu kwa kukosa utulivu, mwakani atafunga mizigo aende kusomea mbali. Basi tumpe saa zake mbili. Salamu zitangoja.

Na kama mtoto wako au ndugu yako ataka kujiunga na masomo ya namna hii, muulize maneno matatu kabla hamjauza gunia la maharage. Je, chuo hicho na shahada hiyo vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania? Je, kiko kituo karibu, na yupo mtu wa kumsaidia hapo? Je, mwanafunzi akikwama, atamwuliza nani, na atajibiwa lini? Wakijibu vizuri mawili ya kwanza, na la tatu wakababaika, ngoja kwanza. Chuo kisichoweza kusema maswali hujibiwaje, kitawapa picha tu.

Nanyi wenyewe, ndugu zangu, jifunzeni jambo hili hili hapo mlipo. Mimi ninayesema redioni siwaoni. Sijui nani amekunja uso. Lakini mwalimu wenu yuko mbele yenu. Asiyeelewa neno lo lote la leo, na ainue mkono sasa hivi. Haya ya kuuliza huisha kwa dakika moja, lakini kutokujua hukaa.

Kwa leo tuishie hapo. Kwaherini, na Mungu akipenda tutasikilizana tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja miji minne ya darasa tuliloeleza. Mwalimu alikuwa katika mji gani?
2. Redio na mkutano wa video vinatofautiana kwa jambo gani?
3. Kwa nini maikrofoni za wasiosema hufungwa?
4. Mtandao ukiwa dhaifu, kipi kifungwe, picha au sauti? Eleza sababu.
5. Je, katika kijiji chenu yupo mtu asomaye kwa njia hii? Mwaweza kumsaidia namna gani?

MANENO YA LEO

Kampasi: tawi la chuo lililo mahali pengine.
Mkongo: njia kubwa ya mawasiliano ya nyuzi za kioo.
Mwangwi: sauti inayorudi.
Setilaiti: chombo cha angani kinachopokea na kurudisha mawasiliano.
Uzamili: masomo ya chuo kikuu baada ya shahada ya kwanza.